Matairi Haya

Kwenye bodi ya maji ya mji kuna mtu mmoja ambaye amehudhuria vikao vyote kwa miaka ishirini na miwili na hajawahi kuchangia neno. Si mjumbe. Ni karani wa vikao, na kazi yake ni kuandika wanayosema wenzake: nani alifungua kikao, nani alihoji kuhusu bomba la mtaa wa juu, nani aliomba udhuru, na kikao kiliazimia nini. Ofisini jina lake walishalisahau. Wanamwita Muhtasari, naye anaitika.

Sifa yake kubwa ni kwamba hapitwi na neno. Mwenyekiti akikohoa katikati ya sentensi, Muhtasari anajua kikohozi kilikuja kabla ya "hata hivyo" au baada yake. Wajumbe wawili waliwahi kushikana mashati juu ya nani alisema nini miezi mitatu nyuma. Daftari la Muhtasari likafunguliwa, ukurasa ukasomwa, wote wawili wakakaa chini. Kwa hiyo haya ninayosimulia hayakumpata kiziwi. Yalimpata mtu aliyeamini kwamba masikio yake yako kazini muda wote, kumbe yalikuwa yakianza kazi saa mbili na nusu, kikao kinapofunguliwa.

Kitu kingine kilichomtofautisha na makarani wenzake ni gari. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, fupi kiasi kwamba mlinzi wa geti la bodi alizoea kuinama ili aone nani anaingia. Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anahama, Muhtasari mwenyewe akiwa na miaka arobaini na sita, umri ambao wenzake hununua kiti cha kuegemea. Gari lilitengenezwa kwa ajili ya vijana wasiojua kuumwa mgongo. Yeye alijua, na kila asubuhi alitoka humo kwa hatua tatu: mguu, mkono juu ya paa, kisha mwili wote pamoja na mguno.

Watu wakimuuliza, alisema alilinunua kwa sababu halili mafuta. Uongo. Alilinunua kwa sababu ya kona ya maghala. Ukitoka kwake kwenda mjini, ukishapita maghala ya saruji, barabara inakunja kushoto, kona moja ndefu, lami nzuri, haina tuta wala shimo. Pale Muhtasari hakugusa breki. Alishusha gia, akakamata usukani kwa mikono miwili, na gari likaikata kona yote bila kuyumba. Ilichukua sekunde tisa, alikuwa amezihesabu. Baada ya hapo kulikuwa na shule, matuta manne, na yeye akawa karani tena.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mkewe. Mkewe ni mkunga kwenye kituo cha afya kilichoko njiani, na safari yao ya pamoja ilikuwa dakika arobaini. Ndizo dakika walizokuwa nazo wawili peke yao. Nyumbani anaishi mama yake Muhtasari, bibi mwenye presha na masikio makali, pamoja na mabinti wawili wanaogombania chaja moja. Katika nyumba hiyo ukinong'ona jikoni, bibi anakujibu kutoka chumbani. Kwa hiyo mambo yote mazito ya mke na mume yalihamishiwa garini, na humo garini ndimo yalimopotelea.

Yalipotelea kwenye kelele. Injini haikuwa na kosa. Matairi ndiyo yaliyokuwa yakiunguruma. Yalikuwa yamelika upande upande, na gari likishika kasi yalitoa mlio mnene usiokata, unaoingia kupitia sakafu na kukaa kifuani. Mkewe naye sauti yake ni ya chini, hata akiipaza haiyashindi matairi. Siku nzima yuko na wanawake wenye uchungu, na huko haki ya kupiga kelele ni ya mzazi peke yake. Basi asubuhi mkunga aliongea, matairi yakaongea, na Muhtasari akaokota vipande. "...mkuu wa kituo ameniita..." "...kama wewe utakubali..." "...mama abaki na..."

Angeweza kuuliza, "Umesemaje?" Mwanzoni aliuliza. Lakini ukishauliza mara ya tatu kwa asubuhi moja, unaona aibu, na anayeulizwa anaanza kutazama nje. Muhtasari akatafuta neno la kumsaidia, akalipata. Haya.

Haya ni neno lisilo na gharama. Ukiambiwa mkate umekwisha: haya. Ukiambiwa shangazi amelazwa: haya, ya kushusha pumzi. Ukiambiwa binti amepata alama nzuri: haya!, ya kupandisha nyusi. Ukiambiwa mkeo anakuacha, sijui, lakini nadhani hata hapo lingepita, mradi uliseme taratibu. Muhtasari alilitumia mara kumi kwa asubuhi, kwa sauti mbalimbali, na aliamini kwa dhati kwamba hajawahi kukosea sauti.

Hali iliendelea hivyo mpaka mvua ya kwanza. Ilikuwa Jumatatu. Gari liliingia kona ya maghala kama kawaida, na katikati ya kona likaamua kwenda pembeni. Halikwenda mbali, labda hatua moja, kisha likarudi. Mkunga alishika mpini wa mlango na hakuuachia mpaka walipofika kwenye taa, zikawa nyekundu, gari likasimama. Gari likisimama, matairi hunyamaza.

"Baba watoto," mkunga alisema, "haya matairi yamekwisha."

"Yamekwisha," alikubali, maana hilo lilikuwa limesikika.

"Badilisha kabla hujatuua. Na ukibadilisha, tafuta yasiyopiga kelele. Nimechoka kuongea na dirisha."

"Haya."

"Na hiyo haya yako ndiyo inayonimaliza." Aliitazama taa. "Mfamasia wetu anapita barabara hii hii. Gari lake likitembea hata hujui kama limewaka. Ameniambia kiti kipo. Nimemwambia nitamjibu Ijumaa. Mimi nikiongea nataka nisikike, si niitikiwe."

Taa ikawa kijani, gari likaondoka, na yaliyofuata hayakusikika.

Muhtasari alishtuka kuliko alivyoshtuka kwenye kona. Aliwaza kile kiti kikiwa kitupu, mkanda umelala juu yake, na mkoba wa mkunga haupo pale chini. Zile dakika arobaini ndizo alizozipenda kuliko saa zote za siku. Hakuwa amemwambia mtu. Hata mkewe hakuwa amemwambia, kwa sababu ili amwambie ingebidi apaze sauti.

Duka la matairi liko nyuma ya kituo cha mafuta, na mwenyewe ni mama wa makamo anayevaa ovaroli, anayeitwa Mama Upepo. Muhtasari alikwenda saa ya chakula cha mchana akiwa na daftari. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika: "Ununuzi wa matairi. Waliohudhuria: mmoja."

Mama Upepo alichuchumaa, akatazama tairi la mbele upande wa kulia, akaguna.

"Shemeji, hili si tairi. Hiki ni kipara."

Muhtasari, ambaye kichwani hana alichobakiwa nacho, alijipapasa bila kukusudia.

"Kwa mtu hakina neno," Mama Upepo alimtuliza. "Kwenye mvua ndiyo matatizo." Alipitisha kiganja juu ya mpira kwenda mbele, halafu kurudi nyuma. "Pitisha mkono. Ukienda linateleza, ukirudi linakukwaruza. Meno yamelika kimshazari. Ndiyo hiyo kelele yako. Upepo ulikuwa hujazi sawasawa, na magurudumu hayajapangwa tangu ununue gari. Halafu hebu ona, la kulia limekwisha kuliko la kushoto, tena bega la nje. Kuna kona ya kushoto unaipenda wewe."

Muhtasari aligeuka kutazama kama kuna mtu wa ofisini karibu.

"Ninaendesha mwendo wa kawaida," alisema.

"Wote wananiambia hivyo, na mimi nayaona matairi yao." Mama Upepo alisimama, akajifuta mikono. "Sasa unataka laini?"

"Laini ninazo. Mbili."

Mama Upepo aligonga tairi kwa kiatu.

"Tairi laini, shemeji. Sikuuzii ya simu."

"Lakini laini si ndiyo haya yaliyokwisha?"

"Hayo ni vipara. Laini ni mpira wenyewe. Njoo huku, utaniandika vibaya."

Akampeleka kwenye mafungu mawili yaliyopangwa ukutani. La kwanza, alisema, ni matairi ya watu wenye haraka. Alibonyeza ukucha kwenye mpira na alama ikabaki. Mpira laini unang'ang'ania lami. Kona utaikata unavyotaka, breki zitashika papo hapo. Ila yanaisha upesi, na kelele, tusidanganyane, ipo. Haitafikia ya vipara, lakini ipo. Fungu la pili ni matairi ya safari. Mpira wake mgumu kidogo, mifereji imepangwa ili isipige filimbi, yanatoa maji vizuri wakati wa mvua, na yanakwenda masafa marefu mpaka unayasahau.

"Kelele?" Muhtasari aliuliza.

"Hayo? Utamsikia mpaka mtu anayewaza."

"Na kona?"

"Kona utakata. Kwa adabu."

Muhtasari aliandika "kwa adabu" akapigia mstari. Alisema atarudi.

Siku mbili alizunguka na ukurasa ule. Alichora safu mbili, akaorodhesha hoja. Alimuuliza dereva wa mwenyekiti, ambaye hakusita. "Chukua ya haraka, mzee. Gari lile ukilifunga matairi ya safari umemvalisha mwanariadha kandambili." Muhtasari alikubaliana naye moyoni kiasi kwamba alirudi mezani na kuiandika hoja ile mara mbili. Halafu alikumbuka kiti kitupu, akaifuta mara moja.

Nyumbani alikuwa anasoma mezani, kimya kabisa, daftari mbele yake, bibi akasema kutoka chumbani, "Nunua ya kimya."

"Sijasema kitu, mama."

"Unafungua kurasa. Nunua ya kimya, mwanangu. Huyo mwanamke anaongea mambo ya maana."

Muhtasari hakumuuliza ni mambo gani. Bibi ni mtu wa kusema vitu. Wala hakuuliza kuhusu sanduku jipya la magurudumu lililosimama kwenye korido kwa wiki mbili sasa. Alilibeba mwenyewe kutoka garini, akadhani ni la bibi, kwamba anakwenda kumtembelea mdogo wake Muhtasari. Kila jioni mkunga alikuwa anamfundisha binti mkubwa kumpima bibi presha, kufunga kitambaa mkononi, kusoma namba, kuandika. Muhtasari alidhani ni kazi ya shule, akamsifu binti kwa mwandiko. Mtu asiyepitwa na neno alipitwa na sanduku zima, na lina magurudumu.

Alhamisi alirudi kwa Mama Upepo na uso wa mtu aliyepata ufumbuzi.

"Nimeamua," alisema. "Mawili na mawili. Mbele ya haraka, nyuma ya safari."

Hivyo ndivyo bodi ilivyomaliza suala la bomba la mtaa wa juu, na kila mjumbe alirudi kwake akiwa ameshinda nusu.

"Shemeji," Mama Upepo alisema, "gari si kamati. Mbele itashika, nyuma itateleza, utajikuta unatazama ulikotoka. Manne ya aina moja, au nenda kwa jirani."

Muhtasari alikaa kwenye benchi la wateja, karibu na mashine ya upepo. Upande mmoja aliweka sekunde tisa za kona ya maghala. Si kitu kidogo. Watu wengine wana uwanja wa mpira, wana rafiki wa kucheza naye bao, wana kwaya. Yeye alikuwa na kona. Upande wa pili aliweka dakika arobaini na mtu mwenye sauti ya chini. Aliandika: "Baada ya majadiliano marefu, kikao kiliazimia kununua matairi ya safari." Akaona haitoshi, akaongeza: "Mjumbe mmoja aliumia." Alikuwa bado anatafuta pa kuweka nukta Mama Upepo alipouliza, mkono wake ukiwa juu ya fungu mojawapo:

"Basi shemeji, tunafunga haya?"

"Haya," Muhtasari alisema, kichwa kikiwa daftarini.

Alipokiinua, gari lilikuwa juu ya jeki, na matairi mawili ya mbele yalikuwa yameshafungwa. Mpira wake ulikuwa na alama ya ukucha.

"Hayo siyo!"

"Siyo vipi? Ulisema haya."

"Nilisema haya. Sikusema haya."

Mama Upepo aliweka spana chini. "Rudia hiyo."

"Nilisema haya ya kukubali. Sikusema haya ya kuonyesha."

"Mimi nimekuuliza tufunge haya, nimeyashika kwa mkono huu. Umejibu haya. Ungejibu yale, ningefunga yale."

Muhtasari alifunga daftari. Kama karani, alijua kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu mama huyu alikuwa sahihi na hakuna kikao kingempinga. Alilitazama gari. Yale matairi yalikuwa yamelikaa vizuri, wacha uongo. Lilionekana kama siku lilipotoka kiwandani. Angeweza kuyaacha. Angemwambia mkewe ni makosa ya dukani, na ingekuwa karibu kweli. Kesho angeingia kona ya maghala na mikono miwili kwenye usukani. Na mkewe angekuwa kwa mfamasia.

"Hapana," alisema. Neno lilitoka na kutu, kwa kukaa bila kutumika. "Nataka yale."

Mama Upepo alishusha pumzi, akachukua spana, akaanza kufungua. Alifanya kazi mpaka tairi la nne, akalisawazisha kwa vyuma vyake vidogo, akajaza upepo, akapima, akapima tena. Ndipo alipomwambia, bila ukali, "Shemeji, hiyo haya yako itakuponza siku moja."

"Haya," alisema Muhtasari.

Ijumaa asubuhi mkunga aliingia garini, akaweka mkoba wake chini, akafunga mkanda. Muhtasari hakumwambia kitu kuhusu matairi. Alitaka ayasikie mwenyewe. Walipanda barabara kubwa, gari likashika kasi, na mkunga, kwa mazoea ya miaka, akavuta pumzi akasema kwa sauti ya kuvuka mto:

"BINTI ANA MTIHANI LEO!"

Wote wawili walishtuka. Sauti ilijaa gari zima, ikagonga kioo ikarudi. Mkunga aliweka mkono mdomoni.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Nilikuwa napiga kelele hivyo kila siku?"

"Sikuwahi kusikia," Muhtasari alisema, na ilikuwa kweli tupu.

Mkunga alicheka. Alipapasa dashibodi kama anampongeza mtu. Walikwenda hivyo kwa muda, wakisikia vitu: sarafu iliyokuwa inabingirika ndani ya mlango, kidirisha kilicholegea, tumbo la Muhtasari ambalo halikuwa limepata chai ya kutosha. Alikuwa na furaha. Aliona Mama Upepo anastahili kiti kwenye bodi.

"Mfamasia nitamwambia asinisubiri," mkunga alisema. "Ingawa siku zenyewe zimebaki chache." Kisha, taratibu, akitazama mbele: "Basi ni Jumamosi ijayo."

"Haya," alisema Muhtasari.

Safari hii alijisikia. Neno lilisimama peke yake katikati ya gari, bila kelele ya kulifunika, na halikuwa na maana yoyote.

"Jumamosi ijayo kuna nini?" aliuliza.

Mkunga aligeuka. Alimtazama kwa namna anavyomtazama mama anayesema hana maumivu.

"Unanitania."

"Sikutanii. Kuna nini?"

"Naondoka, baba watoto. Nakwenda chuo."

Lori lilipita. Muhtasari aliendelea kushika usukani kwa sababu mtu fulani lazima aushike.

Akaambiwa yote, kwa mpangilio, kama anasomewa muhtasari wa kikao alichokuwepo. Kituo cha afya kilimchagua mkunga kwenda kusomea ualimu wa wakunga, mwaka mmoja na nusu, kwenye chuo kilichoko mwendo wa saa nne kwa gari. Alimwambia miezi mitatu iliyopita, ndani ya gari hili, kwamba mkuu wa kituo amemwita na kwamba hataitikia kama mumewe hatakubali. Muhtasari akasema haya. Alimwambia tena fomu zilipokuja. Haya. Alimwambia kwamba mama atabaki na binti mkubwa akimpima presha, na kwamba amenunua sanduku. Haya. Mara ya nne alimwambia tarehe.

"Mara ya kwanza nilifurahi," mkunga alisema. "Nikasema, huyu mtu ananiamini. Mara ya pili nikashangaa. Mara ya tatu niliingia stoo ya dawa nikalia. Miaka kumi na tisa nimelala na wewe chumba kimoja. Nakwambia naondoka mwaka mmoja na nusu, unanijibu kama nimekwambia gesi imekwisha. Hata swali moja. Wewe unaandika maswali ya watu wengine siku nzima."

Muhtasari aliona haya. Hii sasa ilikuwa ile yenyewe, ya kuinamisha uso na masikio kuwaka moto. Walipita maghala ya saruji. Waliingia kona na kutoka, gari likaikata kwa adabu, na yeye hakujua kama wameshaipita.

"Sikusikia," alisema hatimaye.

"Mara nne?"

"Mara nne. Nilikuwa nasikia vipande. Nikawa naona aibu kuuliza."

"Kwa hiyo ulikubali nini, siku zote hizi?"

"Sijui," Muhtasari alisema. "Mengine bado sijui."

Mkunga alitazama nje mpaka matuta ya shule yakaisha, yote manne. Huenda alikuwa anakumbuka mambo mengine yaliyokubaliwa. Walifika kwenye kituo cha afya. Muhtasari aliingiza gari ndani badala ya kumshusha nje kama kawaida, akalisimamisha chini ya dirisha la mapokezi, akazima. Hakuna kilichobadilika kwa sauti, maana tangu mwanzo palikuwa kimya.

"Chuo kina mabweni?" aliuliza.

"Kina."

"Mnalala wangapi chumba kimoja?"

"Wawili."

"Huyo mwingine anakoroma?"

"Nitajuaje?"

"Uliomba mwenyewe, au walikuchagua?"

"Walinichagua. Kati ya wakunga kumi na mmoja." Hilo alilisema kidevu kikiwa juu, na Muhtasari akaona kwamba hili nalo lilisemwa miezi mitatu iliyopita, na kidevu kilikuwa juu vilevile, na yeye alikuwa anaangalia barabara.

"Usiende," alisema.

Halikuwa kwenye daftari. Lilitoka lenyewe. Mkunga alimgeukia, na Muhtasari akaharakisha kurekebisha.

"Yaani, nenda. Ni lazima uende. Wakunga kumi na mmoja si mchezo. Lakini usiende."

Mkunga alitafuta leso kwenye mkoba, hakuipata, akatumia kiganja.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka," alisema.

"Ipi kati ya hizo?"

"Zote mbili."

Muuguzi wa zamu alitokea mlangoni, akaona gari jekundu na watu wawili ndani yake wasioshuka, akarudi ndani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili kikao cha bodi kingefunguliwa bila karani, na wajumbe wangelazimika kukumbuka wenyewe walichosema. Muhtasari alilijua hilo na hakuwasha gari.

Mkunga alifungua mkanda. Alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, kisha akasita.

"Na ile ya Ijumaa?" aliuliza.

"Ijumaa ipi?"

"Kwamba kila Ijumaa utatoka kazini saa sita, uje unichukue chuoni, Jumapili mchana unirudishe. Mwendo wa saa nne kwenda, saa nne kurudi. Nilikuomba kabla sijajaza fomu. Ulisema haya."

Muhtasari alitazama mbele. Aliwaza barabara, saa nne za barabara, kiti cha pembeni kikiwa kitupu wakati wa kwenda na kimejaa wakati wa kurudi, na sauti ile ya chini ikiongea mpaka nyumbani.

"Hilo," alisema, "nilisikia."

Mkunga alijua ni uongo. Alimtazama kidogo, akachukua mkoba wake, akafunga mlango taratibu, akaingia kazini.